Siku Wifi Aliponishika Miguu

Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunashona nguo kwenye chumba kimoja cha duka. Wiki ile tulikuwa hatusemezani. Nilisema mbele ya mteja kwamba mikono ya gauni aliloshona imepishana urefu, naye akaninunia kwelikweli.

Asubuhi moja niliinama kuokota pini. Nilipoinuka, moyo ukaanza kwenda mbio, ghafla tu. Nikakaa, nikanywa maji. Wapi! Kifua kikabana, macho yakaanza kuingia kiza.

Wifi akaweka mkasi chini. "Wewe, mbona umepauka hivyo?"

Kabla sijajibu, alishafunga duka na kusimamisha teksi.

Kwenye zahanati, muuguzi mmoja wa makamo alinibandika nyaya kifuani. Mapigo mia moja na tisini kwa dakika. Daktari akaitazama karatasi ya mashine, akasema, "Tuanze na bomba la sindano."

Nikaruka. Sindano na mimi hatupatani.

"Hatukuchomi," muuguzi akanituliza. "Utalipuliza tu. Kuna mshipa mrefu wa fahamu, unaitwa vagasi. Unatoka kwenye ubongo, unapita hapa shingoni, unashuka mpaka moyoni na tumboni. Ndio breki ya moyo wako. Tunataka kuuamsha."

Nikapuliza sekunde kumi na tano mpaka mashavu yakauma. Daktari akanilaza chali upesi. "Dada, mnyanyue miguu, damu irudi moyoni!"

Wifi akaikamata, akainyanyua. Moyo ukaendelea na mbio zake.

"Tunarudia," daktari akasema. "Wengi hutulia mara ya pili."

"Puliza kama unavyonifokea dukani," wifi akasema.

Nilitaka kucheka, nikapuliza badala yake, kwa nguvu zote. Miguu ikapanda tena. Mara kitu kikasita kifuani. Kimya. Nikadhani ndio basi tena. Kisha pigo moja, likafuata jingine, taratibu, kama mtu anayetembea hana haraka.

"Themanini na mbili," muuguzi akasoma, akatabasamu.

Machozi yakanitoka. "Asante, mama. Sijui nikulipe nini."

"Mshipa ni wako, mimi nimeugutua tu. Mshukuru na huyu, bado hajakuachia miguu."

Kweli, wifi alikuwa ameing'ang'ania, midomo ikimchezacheza kwa dua.

"Wifi, asante. Na unisamehe."

"Nyamaza upumzike," akasema. "Ulitaka kuniachia magauni sita ya harusi peke yangu?"

Daktari aliniandikia niende kwa daktari bingwa wa moyo, na bingwa huyo akanifundisha la kufanya mbio zikirudi. Zimerudi mara moja tu, na zikatulia kabla hatujafika zahanati.

Siku hizi nikiamka huweka vidole shingoni kwanza. Nayasikia mapigo yakienda mwendo wake, nashukuru kimyakimya, ndipo nashuka kitandani.