Pilau ya Alizeti ya Bi Wahiba

Mume wangu Polikarpo alikuwa balozi wa nyumba kumi hapa Temeke, na agizo kwake lilikuwa tamu kuliko asali. Mwaka sitini na nane wataalamu waliposema watoto wetu wamekonda, watiliwe samli kwenye uji, alipita nyumba kwa nyumba na kijiko mfukoni, akionja uji wa watoto wa watu. Nilijificha chooni kwa aibu.

Sabini na nne akaja bwana lishe mwingine tawini. Samli inaziba mishipa ya moyo, akasema, tupikie mafuta ya alizeti. Kesho yake Polikarpo akapita kuzoa samli. Nani alimtuma? Mwenyewe. Nyumba tisa hazikuwa na samli hata ya kupaka kidole. Ya kumi ni ya Bi Wahiba, na debe lake zima la samli, lililotoka kwa dada yake Tabora, likaja kukaa chini ya kitanda chetu.

Bi Wahiba akanijia analia. Jumamosi alikuwa anamwoza bintiye Hamdiya.

"Mama Romani, wakwe wanatoka Kurasini. Nikiwapa pilau ya alizeti mwanangu atasimangwa mpaka azeeke. Nihurumie, shoga."

Nikamhurumia. Polikarpo alipokwenda mkutanoni, nikaimimina samli yote kwenye debe tupu la alizeti, nikamrudishia.

Siku ya harusi Polikarpo na bwana lishe wake wakaandaliwa sinia la kwanza. Harufu ya samli ilifika barabarani, paka wa mtaa mzima wakaja. Lakini pua ya mume wangu hufuata maagizo. Akala, akasimama, akahutubia:

"Ndugu zangu, mmeona? Hii ndiyo alizeti!"

Wakwe wakapiga makofi, mashavu yamejaa. Bi Wahiba akanifinya kwa furaha.

Bwana lishe akafuta sinia kwa vidole, akaagiza ukoko. Kisha akatangaza kwamba hajapata kula alizeti kama ile maishani mwake. Jumatatu mimi na Bi Wahiba twende tawini tukapike vilevile, mbele ya kina mama wote wa Temeke. Polikarpo akatukubalia kabla sijafungua mdomo.

Nikamvuta Bi Wahiba pembeni. "Shoga," nikanong'ona, "samli imebaki kiasi gani?"

"Iliyobaki," akasema Bi Wahiba, "mumeo anailamba vidoleni."