Jeki Iliyopiga Magoti

Usiku wa jana niliota niko kwenye mteremko wa Kawetere, saa saba mchana, tairi la mbele la pikapu yangu limekwisha upepo. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya kaunda, imepigwa pasi.

Pamoja nami alikuwa Ambindwile, kaka wa mke wangu. Hilo halikunishangaza. Kweli alikuwa amelala chumba chetu cha wageni, maana asubuhi tulikuwa tusafiri pamoja kwenda Chunya, kumwoza binti yake.

Nikatoa jeki yangu ya kukunja. Niliinunua mwaka niliofaulu mtihani wa shule ya usiku, na tangu hapo sijaazima jeki ya mtu. Mke wangu Tusekile husema imepinda. Mimi husema imezoea.

"Shikamoo mzee," jeki ikasema.

"Marahaba."

"Leo usinipandishe. Magoti yananiuma."

Nilishtuka, kwani haijawahi kunijibu. Hata hivyo nikaizungusha, gari likapanda. Shemeji akajilaza chini kutazama springi, miguu ikabaki nje na viatu vyake vya harusi.

"Shemeji, jeki yako inalia," akasema kutoka chini.

"Inaimba. Endelea."

Hapo lile jiwe nililoliweka kuzuia tairi la nyuma likatoka mahali pake, likajipangusa vumbi. Gari likayumba.

"Rudi!" nikaliambia.

"Nirudi wapi? Mwaka juzi ulinitumia hapa hapa. Ulipomaliza ukaniacha katikati ya barabara, ukaenda zako unapiga mluzi. Baiskeli mbili zimeanguka kwa sababu yangu. Ingia darasani."

Barabara ikawa darasa. Ni darasa langu lile lile la usiku, ila jua la saa saba linawaka ndani. Jiwe limekaa kwenye meza ya mwalimu. Kwenye madawati zimekaa jeki, zimekunja mikono. Gari langu liko katikati, juu ya jeki yangu, na shemeji bado yuko chini yake. Anatafuna karanga.

"Mwanafunzi Anyosisye," jiwe linasema. "Swali ni moja. Kati ya hawa, nani anastahili kushikilia gari juu ya mtu? Ukikosa, gari linashuka."

"Shemeji, soma swali vizuri," anasema Ambindwile. "Usijibu mbio kama kawaida yako."

Jeki ya chupa inasimama. "Nabeba tani tatu. Ila kitako changu ni chembamba. Kwenye udongo nalala."

Jeki ya magurudumu inasimama. "Kitako changu ni kipana, siyumbi. Nipeni tu sakafu ngumu, iliyo sawa."

Jeki yangu haisimami. Ina kazi.

Nanyoosha mkono. Katika shule ile sikuwahi kukosa jibu. "Ni huyu wa magurudumu," nasema.

Darasa zima linacheka, hata chaki.

"Sifuri," linasema jiwe.

Sijawahi kupata sifuri.

"Huyo ni wa kunyanyua tu, na kwa kunyanyua umechagua vizuri," jiwe linaendelea. "Jeki hunyanyua, haishikilii. Wa kushikilia ni yule."

Nageuka. Kwenye dawati la mwisho kabisa imekaa stendi ya chuma, ya miguu mitatu, kimya.

"Sikuwahi kuiona," nasema.

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa na cheti."

Naona mkono wa suti yangu unavutwa. Ni jeki yangu. "Mzee mwenzangu, nimejitahidi," inasema, na taratibu, kama mtu anayeingia kwenye sala, inapiga magoti.

"Shemeji, toka!" napiga kelele, mimi ambaye sijawahi kupiga kelele darasani.

Ambindwile anavuta mguu wa kulia. Anavuta wa kushoto. Gari linatua.

"Kiatu changu," anasema kwa upole.

Nikaamka. Kumekucha. Tusekile alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Baba Gwamaka, kaka haoni kiatu chake cha kushoto. Anasema alikiacha barazani."

"Mwambie tutachelewa kidogo. Kabla ya safari napita dukani, nanunua jeki ya magurudumu na stendi yake."

Akaweka kikombe chini. "Wewe? Na ile yako imefanya nini?"

"Imeomba kustaafu. Katazame chini ya pikapu."

"Nikatazame nini?"

"Kiatu."

Alikwenda akicheka. Pikapu ilikuwa uani, pale pale nilipoiegesha juzi, na tangu juzi haikuwa imewashwa. Aliporudi hakuwa anacheka. Alikishika kiatu kwa vidole viwili, bapa kama jani la mgomba, soli imechapwa alama za tairi. Ndani yake kulikuwa na maganda ya karanga.