Sailensa ya Katikati

Watu wa mtaa wa Athlone wana midomo, Mungu awasamehe. Walikuwa wakisema gari likitoka karakana ya Boeta Salie, kaka mkubwa wa mtaa mzima, hata waliolala makaburini wanauliza nani anapita. Mymoena, binti yake, aliyekuwa akichomelea naye mabomba mwaka wa tisa sasa, alicheka pamoja nao. Aliona ni sifa. Fundi wa ekzosi ukisemwa kwa mngurumo, unataka nini tena?

Utani uliisha Jumatatu ile Tashreeq aliporudi na gari lake la bluu, lile la michezo lenye turbo. Ijumaa walikuwa wamelibadilishia ekzosi nzima, kuanzia kwenye turbo hadi nyuma: bomba la inchi tatu, chuma kisichoshika kutu, hakuna kiungo kinachovuja. Kazi safi kabisa. Lakini mwenye gari alishuka macho mekundu.

"Boeta, mimi niliomba lipumue vizuri na lingurume kidogo. Kidogo! Nina mtoto wa siku kumi na moja ndani. Nikiwasha alfajiri kwenda kazini mtoto analia, mbwa wa jirani wanabweka, mke wangu ananitazama tu. Sasa naliegesha mtaa wa tatu, narudi nyumbani kwa miguu kama mwizi."

"Kelele gani?" Boeta Salie akauliza, amekunja uso, macho kwenye midomo ya Tashreeq. "Hebu liwasheni tulisikie."

Mymoena akakaa kwenye usukani. Mzee akafanya kama alivyofanya tangu binti yake hajazaliwa: akasimama hatua tatu nyuma ya gari, akafumba macho, akainua kidole. Hakuna gari lililotoka karakana ile bila kidole kile. Kikitulia, kazi imekwisha. Kikitikisika, bomba linafunguliwa upya. Watu walivuka jiji zima kukifuata.

Mymoena akawasha, akakanyaga mafuta. Lo! Makopo ya boliti yalicheza rafuni. Ijumaa hakuyajua haya, maana alikuwa na viziba masikio vyake kama kila siku. Mzee hajawahi kuvivaa hata mara moja; alisema vitamharibia sikio. Na kidole kilipotulia, nani angebisha?

Akaachia mafuta, injini ikarudi chini. Kisha akazima kabisa, ili wazungumze.

Karakana ikawa kimya. Boeta Salie bado amefumba macho, kidole juu, akiitikia kwa kichwa taratibu.

"Haya, sikieni sasa lilivyotulia," akasema. "Tamu kama maziwa."

Tashreeq akafungua mdomo. Mymoena akamtikisia kichwa: tafadhali, usiseme.

Fundi wa ekzosi asiyesikia! Habari ikifika msikitini adhuhuri, kufikia Ijumaa hakuna atakayeleta gari, na baba yake atabaki nyumbani akitazama ukuta. Ufunguo ulikuwa bado mkononi mwa Mymoena. Angewasha tena upesi kabla mzee hajafumbua macho, na mambo yangeishia hapo. Na kesho je? Akashuka, akaenda akamshika mkono.

"Baba. Nimezima."

Mzee akafumbua macho. Akamtazama binti yake, akalitazama gari, akainama na kuweka kiganja kwenye mdomo wa bomba. Hakukuwa na pumzi yoyote. Akainuka, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Tashreeq alikuwa akitazama viatu vyake. "Dada Mymoena," akasema, "mimi nimekuja kwa ajili ya kelele tu. Mengine sikuyaona, na nikiulizwa sikuyaona."

Mymoena alitamani kumkumbatia.

Akajilaza chini ya gari. Turbo yenyewe hula sehemu ya kelele, lakini bomba la inchi tatu halitaki mchezo. Linahitaji sailensa ya katikati, kopo la kumeza kelele. Haikuwepo. Akakumbuka kwamba hata gari la wiki iliyopita halikuwa nayo, na la kabla yake. Mzee alikuwa akisema "hii haina haja," naye akikata na kuunga bila kuuliza. Alijionea aibu. Miaka tisa bega kwa bega, hakuona!

Alikuwa anapima mahali pa kukata aliposikia mtu akijilaza pembeni. Baba yake. Mzee akashika bomba kwa mikono yote miwili, akalinyoosha sawasawa, akamwashiria akate. Walifanya kazi hivyo hadi mwisho. Mymoena hakuvaa viziba masikio; mara hii alisikiliza mwenyewe.

Gari liliondoka likinguruma kwa chini, na Tashreeq akapunga mkono hadi akakata kona. Hapo ndipo wakakaa na chai yao, na koesister, maandazi ya shira yaliyobaki jana.

"Tangu lini, Baba?" Mymoena aliuliza polepole, akimwelekezea uso ili amsome midomo.

"Ramadhani ya mwaka juzi. Adhana ya magharibi nilikuwa naifuata kwa saa ya ukutani." Akazungusha kikombe. "Nilidhani mabomba ya siku hizi ni mazito, yanameza sauti. Basi nikawa naondoa, napunguza, mpaka nilisikie gari."

"Na mimi hukuniambia? Mwanao?"

Mzee akaweka kikombe chini.

"Sauti yako ndiyo iliyotangulia kupotea, Moena. Zile nyembamba huenda kwanza. Gari nikilifungua, nalisikia. Wewe nitakufungua wapi?"

Mymoena akachukua daftari mezani. Akavuta kiti hadi magoti yao yakagusana, akaweka mdomo sikioni mwa baba yake na kuanza kumsomea daftari la kazi za kesho, kwa sauti yote aliyokuwa nayo: pikapu ya mwalimu, bomba limetoboka, teksi mbili, vishikizo vya bomba, lile gari jeupe la daktari, linavuja kwenye kiungo. Machozi yalimshuka, akasoma hivyo hivyo.

Ukurasa ukaisha. Akanyamaza.

"Nasikia kidogo," mzee akasema, macho ameyafumba. "Endelea."

Akafungua ukurasa wa wiki iliyopita, akaanza kusoma upya.