Pamba Iliyotoka Kwenye Jiwe la Mizani

Mayige alikuwa akikaanga chumvi kwenye chungu cha chuma, nyuma ya karakana yake ya kuchomelea pale Bariadi. Chumvi yenye unyevu hurusha cheche, kwa hiyo aliikaanga mpaka ikaacha kulia. Kisha akachochea mkaa, ikayeyuka, ikawa maji maangavu yasiyo na tone la maji.

Alitaka shaba yenye vitundu visivyoonekana kwa macho, atengeneze chujio la maji ya lambo. Unachukua shaba iliyochanganywa na zinki, unaizamisha humo, unaiunga na waya wa chanya wa betri. Zinki hutoka kama mgeni aliyeonyeshwa mlango. Shaba hubaki, nyumba ya vyumba vitupu.

Safari hii alizamisha jiwe kuukuu la mizani, la shaba na zinki, alilouziwa kama chakavu na Joakim, mpimaji wa kituo cha pamba.

Zinki ilipokwisha, akaliacha jiwe lipoe, akalisuuza kwenye beseni. Likatoa pamba.

Ilitoka polepole, nyeupe, pamoja na mbegu zake. Beseni likajaa. Mayige akatandika turubai, akavuta nyuzi kadhaa, maana alitaka kujua kama kitundu kidogo hutoa nyuzi fupi. Zilikuwa ndefu.

Mama yake, Esteria, akafika kutoka shamba, wakaamkiana Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba." Akainama, akachomoa kipande cha kitenge katikati ya pamba. "Hiki nilifungia robota langu la pamba, mwaka ule wa viwavi. Kumbe ilikuwa humu! Na ilipopungua kwenye mizani, Joakim akanitangaza mwongo mbele ya watu, eti punda wangu kaila njiani."

"Turudishe ikapimwe, jina lako lisafike."

Wakaipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Kituoni, Joakim hakuuliza ilikotoka. Akaweka jiwe jipya upande wa pili. Pamba ikabaki juu.

"Imepungua, mayu. Punda wako bado ana njaa?"

"Leo nimekuja na ng'ombe."

"Basi ni ng'ombe."

Watu wa foleni wakacheka. Mayige akalinyanyua jiwe jipya, akalirudisha. Shaba na zinki, zito kuliko namba iliyochongwa juu yake.

"Hili mtalitupa lini?"

"Likichakaa."

"Usimuuzie mtu mwingine."

Esteria akaongeza pamba iliyobaki mkokotenini, akaongeza tena, mpaka mizani ikalala sawa. Akakung'uta turubai tupu, akalikunja. Mayige akarudi karakana kukaanga chumvi.