Hajarudi

Kila Jumamosi asubuhi niliwafundisha Kiingereza akina mama wa Mafeteng waliotaka kazi za ndani Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka. 'Maseabata, yaani mama yake Seabata, alikuja na mkwe wake Puleng, mke wa Seabata. Seabata alikuwa amevuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu kwa kificho katika mgodi uliofungwa. Miezi kumi na minne ilipita bila salamu.

Siku hiyo tulisoma wakati timilifu. Nikawaambia, "Ukisema mwenzenu Lineo 'has lived', yaani ameishi, hapa miaka kumi, maana yake bado yupo."

"Akifa je?" Puleng akauliza.

"Hapo ni 'lived'. Aliishi, basi."

Nikawaambia waandike sentensi moja juu ya mtu wa nyumbani. 'Maseabata akaandika: "Seabata has not come home." Seabata hajarudi nyumbani. Nikamsifu mbele ya wote.

Puleng alichungulia daftari lile. "Mama, andika hakurudi."

"Mwalimu kasema iko sawa."

"Mwalimu hamjui Seabata."

"Na wewe unamjua kuliko mimi niliyemzaa?"

Puleng akainama. Aliposema tena, ilibidi tutege masikio. "Thabang alikuwa naye mle shimoni, mama. Alitoka, akaja kuniambia. Alimfunika kwa blanketi lake mwenyewe, wakamwacha kule chini."

"Lini?"

"Alikuja wakati wa Pasaka. Nilishindwa kukwambia. Kila asubuhi nakuta umeshamtengea kikombe chake."

Nilidhani 'Maseabata angempiga mkwe wake, au angelia. Alinisogezea daftari.

"Nisahihishie, mwalimu."

"Haina kosa, mama."

"Inalo. Umesema mwenyewe, akifa."

Nilishika kalamu, nikairudisha mezani. Akaichukua, akakata neno la pili, "has", kwa mstari mmoja, akaniuliza "did" inaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Aliandika polepole, akakosea, akafuta, akaandika upya: hakurudi.

Puleng akamwekea shali mabegani. "Twende nyumbani, mama."

"Ulikaa na jambo hili peke yako tangu Pasaka, mwanangu?"

Walitoka wameshikana. Wenzao wakainuka mmoja mmoja, wakaacha madaftari wazi mezani, wakawafuata. Nilifunga mlango nikawa wa mwisho. Walipofika barabarani, wakaanza kuimba wimbo wa msiba.