Gesi Isipite Kavu

Niliporudi Madungu, mtaa wetu wa Chake, Pemba, baada ya miaka thelathini na mitatu ya gereji za watu, Mombasa, Maskati, Durban na kwengine nisikokukumbuka vizuri, sikuja na mali. Nilikuja na sifa moja: kwamba najua gesi. Gesi yenyewe ni ile vijana wanayoiita nosi. Hukaa kwenye mtungi wa chuma, na ukiiingiza ndani ya injini gari hupata nguvu kwa sekunde chache, kama inasukumwa nyuma na tingatinga. Ukiikosea, unaokota pistoni barabarani.

Qais, mtoto wa marehemu ndugu yangu, ana Mark II nyeupe anayoipenda kuliko chakula. Aliagiza mtungi na vifaa vyake kutoka Dubai akanijia nimfungie. Nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu nikaona bora nimfungie mimi kuliko ajifungie mwenyewe.

Tulifanya kazi kwa adabu. Nikachagua jeti, kile kitundu cha kupimia gesi, ndogo kuliko zote, nikabadilisha plagi, nikatia swichi inayoruhusu gesi pale tu pedali inapofika chini kabisa. Mtungi ukakazwa kwenye buti kwa vyuma viwili. Kila siku nilimkaririsha: usiupashe moto mtungi, usiufungue kwa pupa, na gesi isipite kavu.

"Ikipita kavu inaunguza, Qais. Kila inakopita, ipe mafuta."

Paipu ya petroli kwenye injini niliiunganisha mimi. Upande wa buti, paipu ya gesi inayotoka kwenye mtungi, nilimwachia yeye, maana mgongo wangu haukunjiki tena.

Jumamosi asubuhi tukawa tayari kwenda kuijaribu kwenye njia ya shamba la rafiki yake kule Mgogoni. Ilikuwa msimu wa karafuu. Mikeka ya kuzianikia imetandazwa hadi mbele ya mlango wa Qais, na harufu ya karafuu imejaa uwanja mzima. Ngwali, mshindani wake wa siku zote, alikuja na gari yake ya buluu, akauegemea mlango wa gari huku mikono kaikunja.

"Yakhe Qais, mtungi huo wa nosi au wa kupikia pilau?"

"Leo utaziona taa zangu za nyuma tu, Ngwali. Zitazame vizuri, usizisahau."

"Nitaziona zikivutwa na kamba!"

Tulicheka sote. Qais akawasha injini, akarudi kuinamia buti, akashika koki ya mtungi. Mimi nilikuwa na bakuli la povu la sabuni la kupaka kwenye viungo, tuone kama pana panapovuja.

"Ile nati ya paipu iliyokuwa ikilia jana, Ami, leo imeingia laini khasa."

"Vizuri," nikasema. Wallahi nilisema vizuri.

Hapo Thuraiya, mke wa Qais, akatoka mlangoni na kichupa mkononi.

"Nani kachezea makonyo ya mama? Nilikijaza juzi, leo nusu! Magoti yake atapaka nini, maji?"

Makonyo ni vile vijiti vya karafuu. Mafuta yake kila nyumba Pemba inayo, ya viungo vya watu. Na ya viungo vya chuma pia, nati ikigoma. Pua yangu haikuwa imenijulisha kitu, maana kisiwa kizima kilikuwa kinanuka hivyo hivyo.

"Qais," nikasema. "Toa mkono hapo."

"Kuna nini?"

"Toa mkono."

Hakuutoa. Vidole vyake vilikuwa vimeizunguka koki, na injini ilikuwa inanguruma.

"Mzee keshaogopa!" Ngwali akapaza sauti. "Fungua, bwana, tuondoke!"

Gesi ile ndiyo inayolisha moto. Ikipiga kwa kishindo kwenye mafuta yaliyobanwa ndani ya paipu, haihitaji kiberiti. Durban namjua mtu aliyebaki na vidole vitatu, na wote walisema ana bahati.

"Umetia mafuta kwenye paipu ya gesi?"

"Si weye uliyesema?" Uso ulikuwa umemwiva, Ngwali akimtazama. "Isipite kavu. Kila inakopita, ipe mafuta. Nimeipa. Sasa miye nimekosa nini?"

Kifundo cha mkono wake kikakaza. Nikajua nikimwita mjinga mbele ya Ngwali ataizungusha koki kwa hasira, yote kwa mara moja, naye kaushika mtungi, mimi na Thuraiya tuko hatua tatu tu.

"Hujakosa," nikasema. "Nimekosa mimi. Nilikusudia petroli, tena ndani ya injini tu. Nikasema mafuta. Sikulichagua neno, Qais. Maneno yangu ndiyo mabaya, si kazi yako."

Ngwali akacheka peke yake. "Kumbe fundi wa Durban hajui petroli na mafuta ya magoti!"

Mimi nilikuwa naangalia vidole vya Qais. Kimoja kikaachia, kisha cha pili. Qais akarudi nyuma, mikono mitupu, akaenda kuzima injini.

Nikachukua spana nikafungua nati taratibu, koki ikiwa imefungwa vile vile. Paipu ilipochomoka, mafuta yakatiririka kama uzi, yakalowesha zulia la buti. Si kupaka alikopaka, alijaza. Nikakaa pale pale chini.

"Mtungi huu haufunguliwi tena," nikamwambia, "mpaka koki isafishwe na mwenye vifaa vya kazi hiyo. Na paipu hii inatupwa."

Ngwali akaondoka na gari yake. Kufika adhuhuri Chake nzima itakuwa na habari yangu.

Qais akafungua boneti, akaweka kidole kwenye nati ya kwanza niliyoifunga kwa mkono wangu.

"Haya, Ami. Hii uliniambia nini, na ulikusudia nini?"

Nikainuka, nikaanza kumjibu.