Mwenye Hoteli Alikuja kwa Miguu

Siku dada yangu alipofariki, pasi yake ilikuwa haijapoa. Aliichomoa kwenye umeme, akaisimamisha kwenye kona ya meza kama kawaida yake, akasema anajinyoosha kidogo kabla hatujala. Nilipoenda kumwamsha nilipitia mezani, nikaigusa pasi. Ilikuwa na joto. Na mkono wake ulikuwa na joto bado. Lakini hakuitika. Ilikuwa mchana wa jua kali, siku nzuri ya kuanika.

Watu walimwita Bi Pasi. Mimi nilimwita dada, na kwa kuwa mama alituacha mapema, mara nyingine nilijisahau nikamwita mama, naye aliitika. Naandika haya kwa sababu sura yake ninayo kwenye picha, ila maneno yake hayana picha.

Sisi ni dobi. Tulikuwa na ushirika wetu, wanawake watupu, tukifua mashuka ya hoteli moja kubwa na mablanketi ya shirika moja la ndege. Kila mmoja wetu alikuwa na hisa zake katika ushirika, na sheria ilikuwa moja tu: mwenye hisa ana zamu. Hata mwenyekiti alikuwa na siku yake ya kukamua na kuanika, bila malipo, kwa sababu nyumba ni yake. Dada aliishi na sheria hiyo tangu ujana wake. Hakujua kama kuna hisa za namna nyingine.

Kisha ugonjwa ukaingia. Ndege zikalala, hoteli ikafunga lango, sisi tukabaki tunatazamana na mashine zisizo na kitu ndani. Redio ikawa inatangaza wagonjwa, halafu inatangaza bei za hisa, na zote mbili zilikuwa habari za kuanguka. Siku moja dada aliinua uso kutoka kwenye redio kama mtu aliyesikia akiitwa.

"Wanauza bei ya kutupa," alisema. "Shirika la ndege, na ile kampuni ya utalii yenye hoteli yetu."

"Wanauza kwa sababu zimekufa, dada."

"Zimelala. Kulala na kufa ni vitu viwili. Mdogo wangu, ile akiba ya kiwanja, nusu ni yako. Unasemaje?"

Akiba ile ilikuwa ndiyo njia yetu ya kutoka kwenye vyumba vya kupanga, ambavyo mwenye navyo alitupandishia kodi kila alipokumbuka. Nikasema sawa, kwa sababu sikumbuki siku ambayo dada alipeleka mkono wangu mahali pabaya.

Kaka yetu, karani wa ghala, alipopata habari alikuja na barakoa yake kidevuni.

"Dada, kuku wote wa jirani wana kideri, wewe unakwenda kununua mayai?"

"Wewe subiri. Kuku wakipona utakuja na sahani."

"Nitakuja na jembe, tuwazike."

Tulikwenda kwa dalali wa hisa, binti mmoja mpole aliyekaa nyuma ya kioo. Alieleza kila kitu, dada akatia sahihi kwenye karatasi za kampuni zote mbili. Halafu akauliza, "Na zamu yangu ni lini?"

"Zamu ya nini, mama?"

"Ya kazi. Mimi si mwenye hisa?"

Binti alicheka, akajizuia, akaeleza taratibu kwamba hizi ni za kumiliki tu. Mtu ananunua, anakaa nyumbani, anasubiri.

"Yaani nyumba iwe yangu halafu nisifagie?"

"Ndivyo ilivyo, mama."

Njiani dada alitikisa kichwa. "Binti mzuri, ana adabu. Ila hilo hawakumfundisha."

Alhamisi iliyofuata, siku aliyojichagulia iwe ya zamu, alivaa aproni yake na barakoa akaenda hotelini, lango la nyuma, pale tulipokuwa tukishusha mashuka. Mlinzi alimjua vizuri.

"Bi Pasi, tumefunga. Hakuna shuka."

"Najua. Sikuja kuchukua. Mimi siku hizi ni mwenye hoteli." Akamwonyesha karatasi ya dalali.

Mlinzi alicheka mpaka akashika nguzo. "Wenye hoteli hapa huja na gari!"

"Na mimi nimekuja na miguu. Yangu mwenyewe, sijaikopa."

Mlinzi alimwita meneja ili na yeye acheke. Meneja hakucheka. Alikuwa amebaki karibu peke yake katika jengo lile, na stoo ya mashuka ilikuwa imeanza kunuka ukungu, na hakujua aanzie wapi. Akamwambia atamlipa kibarua. Dada akakataa. "Zamu hailipwi," alisema, akapanda ngazi.

Kwa shirika la ndege ilikuwa kazi zaidi, maana huwezi kwenda kufagia uwanja wa ndege. Lakini mablanketi yao yalibaki kwetu tangu safari ziliposimama, marundo mazima, na wenzetu walitaka kuyauza. Dada akasimama mlangoni. "Haya yana wenyewe, na mmoja ni mimi." Akayafua yote, na kila jua lilipotoka akayaanika. Wenzetu walimtania wakisema ndege yake ina kamba badala ya mabawa.

Bei zikazidi kushuka. Kaka alipiga simu kila jioni kutusomea, kama mtu anayetangaza mpira wa timu inayofungwa. Mwenye nyumba naye akakumbuka kodi. Kisha siku moja redio ikasema shirika la ndege limefilisika, wenye hisa hawana chao. Dada alikuwa anapiga pasi. Aliichomoa, akaisimamisha kwenye kona ya meza, akakaa chini. Kaka alikuja jioni ileile.

"Si ulisema itaruka?"

"Imeruka," dada alisema. "Imeruka na hela zetu."

Kaka alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, lakini akavuta kiti akakaa naye. Kesho yake dada alimpigia mfilisi aje achukue mablanketi. Mfilisi alisema hayamo kwenye hesabu zake, tufanye tutakavyo. Tukayagawana, ushirika mzima. Langu liko kitandani mpaka sasa, la buluu, limepigwa pasi hadi pindo.

Nusu ya akiba ilikuwa imekwenda. Nilimwambia dada tuuze za hoteli kabla nazo hazijakwenda. Nilisema kwa sauti ambayo sikuwahi kumpandishia. Hakufoka wala hakununa.

"Una haki. Ukisema tuuze, Ijumaa asubuhi tunakwenda kwa yule binti. Ila kesho Alhamisi, njoo kwanza zamu."

Nikaenda. Sikuwa nimewahi kufika ghorofani, sisi tulikuwa watu wa lango la nyuma. Dada alisimama mbele ya kila chumba, akagonga, akasema, "Hodi!" akangoja kidogo, ndipo akafungua.

"Kuna mtu humo?" nilimuuliza.

"Mgeni hayupo."

"Sasa hodi ya nini?"

"Mgeni ndiye aliyeondoka. Hodi haijaondoka."

Alifungua madirisha, akazungusha maji kwenye mabomba yasishike kutu, akakung'uta mapazia. Stoo ya mashuka ndiyo iliyonimaliza. Ilinukia jua. Alikuwa akiyakunjua yote moja moja, akiyapitisha dirishani, kisha akiyakunja upya mahali pengine ili mkunjo usije ukageuka mstari wa njano. Nikamtazama mwanamke huyu aliyepoteza nusu ya jasho lake, anayenyoosha shuka la kampuni ambayo haijui hata kama yuko duniani. Akanyanyua shuka jingine, akakaa analo hivyo, anauangalia upande wa pili uliokosa mtu.

Sikumwambia tuuze, sikumwambia tusiuze. Nilishika upande wa pili.

Hoteli ilifunguliwa ghafla. Meneja alipata habari asubuhi kwamba wageni wanafika jioni, akatuita ushirika mzima, tukaja mbio, na kabla jua halijatua vitanda vyote vilikuwa vimetandikwa. Hoteli haikununua hata foronya moja mpya. Lakini nisimsingizie marehemu. Hisa hazikupanda kwa ajili ya mashuka ya dada. Zilipanda kwa sababu watu walichoka kukaa ndani wakitazama kuta zao. Zilipanda kidogo kidogo, kisha zikapita pale tulipozinunulia, na zikaendelea. Tuliuza baadhi, tukanunua kiwanja, tukanyanyua kuta. Kaka alikuja kuona msingi, akazunguka akipiga tofali kwa kidole.

"Haya," dada alimwambia, "sahani yako iko wapi?"

Zilizobaki hakuziuza, na zamu hakuiacha. Wageni walimpita kwenye korido wakidhani ameajiriwa. Watandikaji vijana walimwogopa kuliko meneja, kwa sababu alipitisha kiganja juu ya foronya na kiganja chake hakikudanganywa. Alikuwa mkaidi, jamani. Hata lile shirika la ndege hakuwahi kukiri kwamba alikosea. Alisema aliuguza mgonjwa, mgonjwa akafa, na kuuguza mgonjwa si kosa.

Msibani meneja alikuja, na mlinzi pia, amevaa sare iliyopigwa pasi. Mlinzi alisimama mbele ya watu akasema, "Tumempoteza mwenye hoteli." Waliojua wakatabasamu huku wakifuta macho. Wasiojua wakamtazama kaka, wakishangaa kwa nini basi anahangaika kutafuta viti vya kuazima.

Wageni walipotawanyika kaka alikaa nami kwenye nyumba yetu isiyo na paa.

"Hisa ni zako sasa. Bei ni nzuri. Uza upaue."

"Na zamu?"

"Zamu ipi tena? Ukiuza huna zamu."

"Ndiyo maana siuzi."

Alitazama juu, kwenye mawingu yaliyokuwa ndiyo dari. "Basi mabati nitatafuta mimi," alisema mwishowe. "Ila usije ukanipa zamu."

Kwa dalali nilimkuta binti yuleyule nyuma ya kioo. Alipobadilisha jina la dada kuwa langu aliniuliza kama nitaendelea na zamu ya Alhamisi, maana dada alimsimulia siku tulipouza zile za kiwanja. Nikamwambia ndiyo.

Kila Alhamisi naingia kwa lango la nyuma, nabisha hodi, nafungua madirisha.